Gari moja, nembo sita: namna ya kupata kitabu sahihi cha gari la zamani la Uingereza

Mwaka 1962 kampuni ya BMC ilizindua gari la familia lililoitwa Morris 1100. Miaka michache baadaye gari hilohilo, lenye bodi ileile, injini ileile iliyopachikwa kwa upana na magurudumu ya mbele yanayovuta, lilikuwa likiuzwa pia kwa majina ya Austin, MG, Riley, Wolseley na Vanden Plas. Wahandisi waliliita ADO16, basi. Tofauti zilikuwa kwenye grili, dashibodi, viti na idadi ya kabureta.

Mwenye Riley Kestrel ya mwaka 1966 anaweza kuhangaika muda mrefu akitafuta kitabu chenye neno Riley kwenye jalada, na kumbe kitabu cha Austin 1100, kinachopatikana kirahisi zaidi, kina karibu kila kitu anachokihitaji. Mwenye Morris Minor naye anaweza kununua kitabu chenye picha ya gari lake kabisa, akafungua ukurasa wa injini na kukuta hakuna kipimo kinachoendana na alichonacho chini ya boneti. Matatizo yote mawili yana chanzo kimoja: vitabu vya magari ya Uingereza hupangwa rafuni kwa nembo, lakini magari yenyewe yaliundwa kwa familia za injini na chasi zilizovuka nembo. Ukitaka kitabu kitakachokufaa, ianze safari yako kwenye injini, mwaka na namba ya chasi. Nembo iwe ya mwisho.

Nani alimmeza nani

Herbert Austin alianzisha kampuni yake mwaka 1905 huko Longbridge, karibu na Birmingham. William Morris alitoa gari lake la kwanza mwaka 1913 akiwa Oxford. Morris aliinunua Wolseley mwaka 1927 na Riley mwaka 1938. MG ilizaliwa ndani ya gereji zake mwenyewe, chini ya Cecil Kimber. Mahasimu hao wawili, Austin na kundi la Morris, waliunganishwa mwaka 1952 na kuwa BMC.

Upande wa pili kulikuwa na Leyland, mtengenezaji wa malori na mabasi, aliyeichukua Standard-Triumph mwaka 1961 na Rover mwaka 1967. Jaguar, ambayo tayari ilikuwa imeinunua Daimler mwaka 1960, ilijiunga na BMC mwaka 1966. Mwaka 1968 pande zote zikawa kampuni moja, British Leyland. Serikali iliichukua mwaka 1975, ikapewa jina la Rover Group mwaka 1986, ikauzwa kwa British Aerospace mwaka 1988 kisha kwa BMW mwaka 1994. Mwaka 2000 ikagawanywa: BMW ikabaki na Mini, Land Rover ikaenda Ford, na mabaki yakawa MG Rover, iliyofilisika mwaka 2005. Leo jina la MG liko kwa SAIC ya China, na Jaguar na Land Rover ziko kwa Tata ya India tangu 2008.

Kwa msomaji wa historia za makampuni, mlolongo huu una matokeo ya moja kwa moja. Kitabu kinachosema "Rover" kinaweza kuwa kinazungumzia kampuni ya Solihull iliyotengeneza magari ya kiungwana na Land Rover, au kampuni ya miaka ya 1990 iliyobandika jina hilo kwenye gari dogo lililozaliwa kama Austin Metro. Angalia kitabu kilichapishwa lini na kinaishia mwaka gani kabla ya kulipa. Kisha fungua viambatisho vya nyuma. Historia yenye thamani hutoa idadi ya magari kwa kila mwaka, namba ya chasi ya kwanza na ya mwisho kwa kila toleo, na tarehe ya kila badiliko. Kitabu chenye picha nzuri tu bila majedwali hayo kinafurahisha macho, lakini hakitakuambia kama gari lililo mbele yako ni halisi.

Si wote walioingia Leyland. Hillman, Humber, Singer na Sunbeam zilikuwa za kundi la Rootes, lililoangukia mikononi mwa Chrysler mwaka 1967 kisha Peugeot mwaka 1978. Vauxhall ilikuwa ya General Motors tangu 1925. Ford ya Dagenham ilikwenda njia yake, na ndiyo iliyotoa Cortina GT iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1964. Watengenezaji wadogo nao walinunua injini kwa wakubwa: Morgan 4/4 imetumia injini za Ford, Morgan Plus 8 ya mwaka 1968 ilitumia V8 ya Rover, na Jensen Interceptor ilibeba V8 ya Chrysler kutoka Marekani. Mwenye Interceptor anahitaji kitabu cha Uingereza kwa bodi na cha Marekani kwa injini. Hiyo V8 ya Rover yenyewe, ya aluminiamu na cc 3528, asili yake ni Buick. Ikaja kuonekana kwenye Range Rover ya 1970, MGB GT V8 ya 1973 na Triumph TR8.

Majina ya kabla ya vita

Anayesoma kuhusu magari ya miaka ya 1920 na 1930 hukutana na majina kama Austin Seven, Morris Eight, Alvis 12/50. Namba ya kwanza ni nguvu ya farasi iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi ya gari. Fomula iliyokuwa ikitumika ilichukua kipenyo cha silinda kwa inchi, ikakizidisha kwa chenyewe, ikazidisha kwa idadi ya silinda, kisha ikagawanya kwa 2.5. Austin Seven ya cc 747 ina silinda 4 zenye kipenyo cha inchi 2.2: jibu ni 7.7. Morris Eight ina kipenyo cha milimita 57, yaani inchi 2.24: jibu ni 8.06. Pale penye namba mbili, kama 12/50, ya pili ndiyo ilitakiwa kuonyesha nguvu yenyewe ya injini.

Urefu wa safari ya pistoni haukutozwa kitu. Kwa hiyo wahandisi wa Uingereza walitengeneza injini nyembamba zenye safari ndefu. Ile ya Morris Eight ina kipenyo cha milimita 57 na safari ya milimita 90. Injini ya aina hiyo huvuta vizuri kwa mwendo wa chini, lakini ukiikimbiza kwa muda mrefu kwenye barabara kuu pistoni hukimbia mno na beringi za mkono wa pistoni huteseka. Sheria ilibadilishwa baada ya vita, ila injini zilichelewa kubadilika: Morris Minor ya kwanza, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuonyeshwa London mwaka 1948, ilitoka na injini ya cc 918 ya ukoo huohuo wa Morris Eight.

Hapo ndipo mnunuzi wa kitabu cha Minor anapojikwaa. Kuanzia mwaka 1952 Minor ilipewa injini ya Austin, ya familia iliyoitwa A-series, yenye cc 803. Mwaka 1956 ikawa cc 948, na mwaka 1962 cc 1098. Ile ya cc 918 ina valvu zilizo pembeni ya silinda ndani ya bloki, nyingine zina valvu kwenye hedi. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Minor 1000 hakina cha kumwambia mwenye gari la 1949 kuhusu valvu, wakati wa moto (lini plagi hutoa cheche) wala gasketi ya hedi. Kwa upande wa saspensheni ya mbele na usukani, kitamsaidia sana.

Vitabu vya kazi

Kwa gari moja la BMC au Rover kiwanda kilitoa vitabu vitatu: kitabu cha dereva, manyuali ya fundi, na orodha ya vipuri. Cha nne huandikwa na wachapishaji wa nje, na maarufu kati yao ni Haynes, ambayo manyuali yake ya kwanza ilitoka mwaka 1966 ikihusu Austin-Healey Sprite.

Manyuali ya kiwanda ndiyo yenye mamlaka kwa vipimo, lakini iliandikwa kwa fundi aliyekwisha pata mafunzo na mwenye kabati lililojaa vifaa maalumu. Kwenye vitabu vya BMC vifaa hivyo vina namba zinazoanza na 18G. Usivichanganye na injini za MGB, ambazo nazo namba zake zinaanza na 18G. Haynes huandika kwa mtu mwenye spana za kawaida, hatua kwa hatua, na picha za gari lililofunguliwa kweli. Kosa lake ni kukusanya matoleo mengi ndani ya jalada moja, hivyo unaweza kusoma kipimo cha toleo jirani bila kujua. Kitu cha busara ni kuwa na vyote viwili: mmoja akuonyeshe namna, mwingine athibitishe namba.

Orodha ya vipuri ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo ya kununua mapema. Michoro yake inaonyesha kila kifaa kikiwa kimetawanywa kwa mpangilio wa kufungwa, hadi washa ya mwisho. Mbele ya kila namba ya kipuri imeandikwa kilianza na chasi gani na kuishia chasi gani. Kwa gari lililopita kwenye gereji nyingi na kupachikwa vitu vya magari mengine, hakuna kitabu kingine kinachokuonyesha kilichotakiwa kuwepo.

Soma gari kwanza

Namba ya chasi ya BMC inajieleza. GHN3 maana yake ni MG, injini ya B-series, gari la wazi la viti viwili, mfululizo wa tatu: hiyo ni MGB ya mwanzo. GHD3 ni MGB GT yenye paa. Mini iliyoanza na A-A2S7 ni Austin, injini ya A-series, milango miwili; M-A2S4 ni pacha wake wa Morris.

MGB inaonyesha kwa nini jambo hili linagusa mfuko. Zilizotoka 1962 hadi 1964 zina krankishafti yenye beringi kuu 3, na injini zake zina namba za 18G au 18GA. Kuanzia 18GB, mwishoni mwa 1964, beringi kuu ni 5. Ukiagiza seti ya beringi kwa kusema "MGB ya 1964" umecheza kamari. Mwishoni mwa 1967 ikaja GHN4, na hapo giaboksi, umeme na dainamo vyote vilibadilika kwa pamoja. Kwa kuwa injini hubadilishwa kirahisi kuliko bodi, soma namba iliyo kwenye bloki pia, na ikipishana na chasi, nunua kitabu kwa injini iliyopo.

Land Rover zina utaratibu wake. Series I ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948, Series II ikaja 1958, IIA 1961 na III mwaka 1971. Kwa IIA ya petroli yenye urefu wa inchi 88 kati ya ekseli, namba inayoanza na 241 ni ya soko la Uingereza, 242 ni gari kamili la kusafirishwa lenye usukani wa kulia, na 243 ni lile lililosafirishwa vipande ili liunganishwe nchi nyingine. 244 na 245 ni za usukani wa kushoto. Mwenye gari lililoletwa jipya Kenya au Tanganyika ategemee zaidi 242 au 243 kuliko 241. Herufi ya mwisho wa namba, A, B, C na kuendelea, inaonyesha mabadiliko yanayoathiri vipuri. Muuzaji akikuuliza herufi hiyo, anajua kazi yake. Namba imegongwa pia kwenye chasi, kwenye kishikio cha springi ya mbele kulia. Suuza matope, piga brashi ya waya polepole, kisha pakaza chaki ili tarakimu zionekane.

Kumbukumbu za uzalishaji za nembo nyingi zilizokuwa British Leyland zimehifadhiwa British Motor Museum, Gaydon. Kwa malipo hutoa cheti chenye tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini ya awali, rangi na mahali gari lilipopelekwa. Jaguar na Daimler zina hifadhi yao peke yake.

Nati zinazofanana na zisizofanana

Hakuna kitu kinachoharibu vifaa vingi zaidi ya kuchanganya nyuzi za bolti, na vitabu vya mwanzo havielezi kwa sababu fundi wa siku hizo alizijua kama jina lake. Magari ya kabla ya miaka ya 1950 yana nyuzi za Whitworth na BSF, za kiwango cha zamani cha Uingereza, zenye pembe ya digrii 55. Baada ya makubaliano ya Uingereza, Marekani na Kanada ya mwaka 1948, viwanda vilihamia taratibu UNF na UNC, zenye pembe ya 60. Austin A30 ya 1951 ilikuwa tayari upande mpya. Land Rover za mwanzo zimejaa BSF, na mchanganyiko uliendelea.

Bolti ya inchi 5/16 ya BSF ina nyuzi 22 kwa inchi, ya UNF ina 24. Itaingia mizunguko miwili au mitatu, itakaza, na ukilazimisha itang'oa nyuzi za aluminiamu. Bolti ya M8 ya leo inadanganya zaidi, kwa kuwa 5/16 ni milimita 7.94, lakini hatua ya M8 ya kawaida ni milimita 1.25 na ya UNF ni 1.06. Kanuni ni kuzungusha kwa vidole hadi mwisho. Isipokubali, toa, pima kwa geji ya nyuzi. Spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti, za UNF huandikwa upana wa kichwa, hivyo spana mbili zilizoandikwa 1/2 hazilingani hata kidogo.

Na kuna jambo la ajabu la MG za TC na TD. Injini zao zilitoka kiwanda cha Coventry ambacho Morris alikinunua mwaka 1923 kutoka kwa Wafaransa wa Hotchkiss, na mashine zake zilikuwa za metriki. Hivyo bolti zina nyuzi za milimita na vichwa vya Whitworth. Zikipotea, hazipatikani duka lolote la kawaida.

Umeme na vipimo

Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana nguzo chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Fundi wa leo hufunga hasi kwa mazoea, na alteneta iliyofungwa kinyume huunguza dayodi papo hapo. Ukihamia hasi kwa makusudi, geuza betri, badilishana waya mbili za koili, kisha fundisha dainamo mwelekeo mpya wa umeme: toa waya wa ncha ya F, gusisha hapo kwa sekunde moja waya kutoka nguzo ya betri isiyofungwa kwenye bodi. Redio na mita ya mizunguko ya kielektroniki lazima zifanyiwe kazi kwanza.

Michoro ya waya inasomeka ukijua rangi za Lucas: kahawia ni umeme wa betri wakati wote, nyeupe unapita swichi ya kuwashia, kijani umepita swichi na fyuzi, zambarau una fyuzi lakini haupiti swichi, bluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni bodi. Mstari mwembamba wa rangi ya pili ndio unaotofautisha matawi.

Vipimo vya valvu havihamishiki. A-series hupimwa kwa inchi 0.012 injini ikiwa baridi, MGB 0.015, na Land Rover ya lita 2.25 ya petroli 0.010, yaani milimita 0.30, 0.38 na 0.25. Ukibana kuliko inavyotakiwa valvu ya moshi haikai vizuri kitini, joto halipati pa kutokea, na ukingo wake huungua. Ukilegeza, injini hupiga kelele na kupoteza nguvu, ila haifi.

Chunga pia kitabu kilichapishwa kwa soko gani. Painti ya Uingereza ni lita 0.568, ya Marekani lita 0.473. Oili ya MGB ya mwanzo ni painti 7.5 za Uingereza au 9 za Marekani, na zote ni lita 4.26. Anayesoma 9 kwenye kitabu cha Marekani na kupima kwa painti ya Uingereza anamimina lita 5.1, krankishafti huipiga oili hadi itoe povu, na sili za nyuma huanza kuvuja.

Kabureta za SU zina fumbo rahisi: tarakimu ya jina ni idadi ya sehemu za nane za inchi zinazoongezwa kwenye inchi moja. HS2 ni inchi 1.25, HS4 ni 1.5, HS6 ni 1.75. Sindano inayopima petroli ndani yake ina herufi zilizochongwa shingoni, na herufi hizo ndizo za kulinganisha na jedwali la kitabu, kwa kuwa sindano ya gari jingine huingia bila shida na kuharibu mchanganyiko wa petroli na hewa.

Ambayo kitabu hakikuweza kujua

Manyuali ya 1965 inadhani petroli ina risasi. Risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya valvu vilivyochongwa moja kwa moja kwenye chuma cha hedi. Kusini mwa Sahara petroli ya risasi iliondolewa mwanzoni mwa 2006. Ukiona nafasi ya valvu za moshi inajibana kila mara baada ya kurekebisha, kiti kinaliwa na valvu inazama. Dawa ni kupachika viti vya chuma kigumu, angalau upande wa moshi, siku hedi inapotolewa. Injini ya mgandamizo mkubwa, kama MGB ya 8.8 kwa 1, ikigonga mlimani, rudisha wakati wa moto nyuma kwa digrii 2 na ujaribu tena. Land Rover ya 7 kwa 1 hailalamiki.

Manyuali hizohizo zinaagiza kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Usifanye hivyo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha vumbi, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye mfuko. Na pale kitabu kinaposema "oili" ya giaboksi bila maelezo, rudi kwenye jedwali la vilainishi: giaboksi ya MGB hutumia oili ya injini, ya Mini hushiriki oili ileile na injini, na ya Land Rover Series hutumia EP90, oili nzito ya gia. Chagua daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya GL-5 hushambulia bushi za shaba.

Ukinunua nakala iliyochapishwa upya, fungua kwanza mchoro wa waya. Skani mbaya hufuta herufi ndogo za rangi, na kitabu hicho hakitafaa kwa umeme. Kisha tafuta namba ya chapisho kwenye ukurasa wa mwanzo. Za BMC huanza na AKD, na manyuali ya MGB ni AKD 3259. Ilisahihishwa mara nyingi, kwa hiyo linganisha toleo na mwaka wa gari: la mwisho lina nyongeza nyingi zaidi, lakini wakati mwingine limeondoa kurasa za gari la 1962.